Kilomita 390 nyuma ya pikapu: uchambuzi wa kisa cha gari lililovutwa kutoka Mafinga hadi Morogoro

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Dar es Salaam, katika kipande cha Mafinga hadi Morogoro. Mimi sikuwemo safarini. Gari lililovutwa liliishia kwenye gereji ninayofanyia kazi, na kwa kuwa uharibifu niliouona ndani ya gia boksi haukulingana na maelezo niliyopewa siku ya kwanza, niliomba kuzungumza na kila aliyehusika, mmoja mmoja, hadi nikaweza kuipanga safari yote kwa saa na kwa mahali. Majina, namba za usajili, tarehe na aina kamili za magari nimeviondoa. Wahusika wataitwa mmiliki, dereva wa pikapu, kijana (mpwa wa mmiliki, ambaye alishika usukani wa gari lililovutwa) na fundi wa Iringa.

Nimekiandika kwa urefu kwa sababu watu wanaponiuliza habari za kuvuta gari, swali huwa moja tu: kamba itahimili? Katika kisa hiki kamba ilihimili. Kilichoharibika kilikuwa kwingine, na kilichokaribia kuua mtu kilikuwa kwingine kabisa.

Magari yenyewe

Gari bovu lilikuwa la abiria saba, la petroli, la gia otomatiki, lenye injini chini ya viti vya mbele na nguvu inayopelekwa magurudumu ya nyuma kwa propela shafti (chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari) hadi kwenye difu (boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma). Lilikuwa na uzito wa kilo 1,450 hivi likiwa tupu. Pikapu ilikuwa ya dizeli, ya kabini moja, ya gia za mkono, na uzito wake bila mzigo ulikuwa kama kilo 1,500. Msomaji aziweke tarakimu hizi mbili pamoja tangu sasa: gari lililovutwa lilikuwa karibu sawa kwa uzito na gari lililolivuta, na hilo la mbele ndilo lililotegemewa kuyasimamisha yote mawili.

Gari la abiria lilipandisha joto kilomita chache kabla ya Mafinga, likitokea Makambako. Mmiliki aliendelea kuendesha kwa dakika kadhaa akitafuta mahali pa kusimama, na aliposimama na kufungua kifuniko cha oili aliikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekufa na maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Kuanzia hapo injini haikuwashwa tena, na jambo hili lina uzito mkubwa katika yote yaliyofuata.

Kwa nini waliamua kuvuta

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kulitengeneza palepale Mafinga, lakini mmiliki hakuwa na fundi anayemwamini pale, na hedi ilihitaji kupelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Ya pili ilikuwa kukodi gari la kubebea magari, lile lenye jukwaa na winchi. Aliulizia kwa simu, akatajiwa bei ambayo aliiona kubwa mno. Ya tatu ilijileta yenyewe: pikapu ya jamaa yake ilikuwa imeshusha vifaa vya ujenzi Makambako na ilikuwa ikirudi Dar es Salaam tupu, siku hiyohiyo, kwa mafuta ambayo tayari yalikuwa yamelipiwa.

Simlaumu mmiliki kwa kuishika njia ya tatu. Mtu aliyekwama kando ya barabara na familia yake, jua likielekea magharibi, akaona pikapu ya ndugu ikisimama mbele yake, hawezi kuiona kama chaguo moja kati ya matatu. Huiona kama ukombozi. Tatizo ni kwamba, uamuzi wa kuvuta ulipofanyika, hakuna aliyeuliza swali hata moja kuhusu gari lenyewe. Maswali yote yalikuwa ya kamba: ipatikane wapi, iwe nene kiasi gani, ifungwe wapi. Mke wa mmiliki na watoto walipanda basi, jambo ambalo lilikuwa la busara.

Mafinga hadi Iringa kwa kamba

Waliondoka saa tisa alasiri. Kamba ilikuwa ya nailoni, imekunjwa mara mbili, yenye urefu wa mita nne hivi, imefungwa kwenye ndoano ya mbele ya gari bovu na kwenye bampa ya nyuma ya pikapu. Kitambaa chekundu kilifungwa katikati. Gia iliwekwa N (gia huru), ufunguo ukazungushwa ili usukani usijifunge, taa za hazadi zikawashwa kwenye magari yote mawili, na kijana akaambiwa afuate tu.

Umbali kutoka Mafinga hadi Iringa ni kilomita 80 hivi. Dereva wa pikapu, ambaye ana uzoefu wa miaka mingi wa barabara hiyo, alinieleza kuwa alikusudia kwenda kilomita 40 kwa saa, lakini kwenye sehemu zilizonyooka mshale ulikuwa ukifika 60 na mara nyingine 70 bila yeye kuhisi, kwa kuwa nyuma malori yalikuwa yakimpigia honi.

Kwa kijana mambo yalikuwa tofauti kabisa. Gari ambalo injini yake imezimwa halina busta ya breki. Busta hutumia mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini. Injini ikizimika hubaki akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali huwa ngumu kama imekanyagia jiwe. Breki haijafa, bali nguvu yote inayohitajika sasa hutoka kwenye mguu wa dereva peke yake. Usukani nao, bila pawa stelingi, huwa mzito. Kijana hakuwa ameambiwa haya. Aliyagundua kwenye kijiji cha kwanza chenye matuta, ambapo pikapu ilipunguza mwendo, yeye akakanyaga kama alivyozoea, na gari halikupungua. Liligonga nyuma ya pikapu na kuvunja taa moja. Hakuna aliyeumia. Walisimama, wakashauriana, wakakubaliana kwamba kijana awahi kukanyaga kila aonapo taa za breki za mbele, wakaendelea.

Kukanyaga mapema kulileta tatizo jingine. Kila mara kijana alipofunga breki mapema, kamba ilikaza kwa mshtuko. Alipoachia, ililegea na kuburuta lami. Pikapu ilipoongeza mwendo, ikakaza tena kwa kishindo. Walipofika Iringa, bampa ya pikapu ilikuwa imepinda upande mmoja na bolti mbili zilikuwa zimeanza kutoka. Kilichokuwa kinang'oka kilikuwa bampa, ambayo haikuundwa kuvuta chochote, ilhali kamba haikuwa na hata uzi mmoja uliokatika.

Iringa

Walifika chini ya mji, kwenye barabara kuu, kabla ya saa kumi na moja jioni, wakaingia gereji ya kando ya barabara kukaza bampa. Fundi aliyewapokea hakuangalia bampa kwanza. Alizunguka gari bovu, akainama, akachomoa kijiti cha kupimia haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, akamwita mmiliki. "Mzee, hebu nusa mwenyewe. Hii imeungua."

Mmiliki alijibu kwamba gia ilikuwa N njia nzima. Fundi akamweleza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la otomatiki alifahamu. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna pampu inayosukuma haidroliki kwenda kwenye kila bushi na beringi, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Gari linapovutwa magurudumu yake ya nguvu yakiwa chini, magurudumu huzungusha propela, propela huzungusha shafti ya kutolea nguvu pamoja na gia zilizoungana nayo, na yote hayo huzunguka bila pampu kufanya kazi, kwa hiyo bila kulainishwa. N huondoa tu muungano kati ya injini na magurudumu. Haizuii magurudumu kuzungusha vyuma vya ndani.

Suluhisho kwa gari la aina hiyo ni rahisi, na halikuchukua saa nzima. Fundi aliweka alama ya rangi kwenye kikombe cha difu na kwenye propela, ili irudishwe kama ilivyokuwa na isije ikatetemesha gari baadaye, kisha akafungua bolti nne za upande wa difu na kuichomoa propela kwenye gia boksi. Tundu lililobaki lilianza kuvuja, akaliziba kwa mfuko wa plastiki mzito na ukanda wa mpira wa tyubu. Kuanzia hapo magurudumu ya nyuma yalizungusha difu tu, ambayo ina oili yake yenyewe.

Fundi huyohuyo ndiye aliyekataa wasiendelee usiku. Betri ya gari bovu ilikuwa imekufa kwa sababu hazadi zilikuwa zimewaka muda wote, na mbele yao kulikuwa na Kitonga. Walilala. Betri ikachajiwa. Asubuhi walikodi chuma cha kuvutia chenye umbo la herufi A, chenye miguu miwili inayofungwa mbele ya gari bovu na ncha moja inayoingia kwenye pini, na fundi akaifunga pini hiyo kwenye chesisi ya pikapu badala ya bampa, kisha akaongeza mnyororo mfupi wa akiba kila upande. Walipakia pia mifuko ya mchanga nyuma ya pikapu, kama kilo 300 kwa jumla. Kwenye boksi la karatasi wakaandika kwa rangi nyekundu GARI LINAVUTWA, wakalibandika kwenye kioo cha nyuma.

Kitonga

Kwa asiyeifahamu, Kitonga ni mteremko mrefu wenye kona kali ambao barabara inashuka kutoka nyanda za Iringa, baada ya Ilula, kwenda kwenye bonde la mibuyu na mto Ruaha. Malori mengi hushuka hapo na mengi hupanda, upande mmoja kuna ukuta wa mlima, upande wa pili korongo.

Waliondoka Iringa saa mbili asubuhi na kufika juu ya mteremko baada ya saa moja na nusu. Walisimama kabla ya kuanza kushuka. Dereva aliingiza gia ya pili na kuapa kutoibadilisha, kwa kanuni ya madereva wa malori kwamba mlima unaoupanda kwa gia fulani uushuke kwa gia hiyohiyo. Walikubaliana ishara: honi moja fupi, kijana asaidie breki, honi ndefu, avute hendibreki. Simu iliachwa wazi kati yao, ingawa mtandao ulikatika kwenye kona kadhaa na zikabaki honi peke yake.

Walishuka kwa kilomita 25 hadi 30 kwa saa. Katikati ya mteremko walikuta lori limekufa kwenye kona na foleni imesimama. Hapa ndipo uzito wote, takriban tani 3.3 pamoja na mchanga, bila kuhesabu watu, ulipotulia juu ya breki za pikapu. Dereva alisema alihisi pedali ikishuka kidogo zaidi ya kawaida. Akapiga honi ndefu, kijana akavuta hendibreki, na utingo aliyekuwa kwenye pikapu akaruka na kuweka mawe mbele ya magurudumu ya magari yote mawili. Mawe hayo yalikuwa yamepakiwa Iringa kwa agizo la fundi. Walisubiri dakika 25.

Walipofika chini, rimu za mbele za pikapu hazikugusika na harufu ya breki ilikuwa kali. Mmiliki alitaka kumwagia maji. Dereva alimkataza, na alikuwa sahihi, kwa kuwa diski iliyoshika moto ikimwagiwa maji ya baridi hupinda au hupasuka. Walikaa kivulini dakika 40.

Hadi Morogoro

Sehemu iliyobaki haina mengi. Kwenye milima ya Iyovi, kabla ya mji wa Mikumi, mshale wa joto wa pikapu ulipanda na walisimama mara mbili kuipoza. Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara inaikata kwa kilomita 50 hivi, waliivuka mchana, bila kusimama, wakipita matuta taratibu. Kila saa moja walisimama mahali penye nafasi kukagua pini, minyororo, na joto la habu za magurudumu kwa kiganja.

Walifika Morogoro saa kumi na moja na robo jioni. Klachi ya pikapu ilikuwa imeanza kunuka. Hapo mmiliki alifanya uamuzi ambao ulimgharimu fahari yake, kwani alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwamba gari litalala Dar es Salaam usiku huo: aliliacha gari Morogoro. Mbele yao kulikuwa na kipande cha Chalinze hadi Kibaha, usiku, katikati ya malori, na dereva aliyekuwa ameshika usukani tangu asubuhi.

Wakati wa kulifungua kwenye uwanja wetu, ambao umeinama kidogo kuelekea barabarani, kijana aliweka gia P (ya kuegesha), akashuka, na utingo akachomoa pini. Gari likaanza kurudi nyuma. Mlinzi alipiga kelele, kijana akarukia ndani na kuvuta hendibreki, gari likasimama hatua chache kutoka kwenye meza ya mama muuza matunda.

Tulichokikuta ndani

Injini ilitengenezwa: hedi ilisawazishwa, gasketi mpya ikawekwa, rejeta ikasafishwa. Gari lilipowashwa na propela kurudishwa, liliingia gia ya kurudi nyuma kwa kuchelewa na likawa linateleza likibadilisha kwenda gia ya tatu. Haidroliki ilikuwa nyeusi. Tuliifungua gia boksi. Bushi ya nyuma ilikuwa imelika, na vipini vinavyobeba gia ndogo zinazozunguka gia ya kati vilikuwa vimegeuka rangi ya buluu, rangi ambayo chuma huipata kikisuguana kikavu hadi kuungua. Gia boksi ya mtumba pamoja na ufundi iligharimu zaidi ya mara mbili ya bei aliyotajiwa ya gari la kubebea magari.

Uchambuzi: gia boksi

Je, ni kuvutwa kulikoiua? Nilijihoji sana hapa, kwa kuwa haidroliki ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta ya injini, na injini inapopandisha joto, haidroliki nayo hupata joto hilo. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya uharibifu ilianza kabla ya kamba kufungwa. Hata hivyo, haidroliki iliyochemka huunguza sahani za klachi kwanza, nazo hapa zilikuwa zimechoka kiasi tu. Zilizoungua zaidi zilikuwa sehemu za nyuma, zile zinazozungushwa na propela gari likivutwa. Kwa sababu hiyo nimeridhika kwamba kipande cha Mafinga hadi Iringa ndicho kilichofanya kazi kubwa ya uharibifu.

Vitabu vya watengenezaji wa magari mengi ya otomatiki huruhusu kuvuta kwa dharura, kwa mwendo mdogo, mara nyingi kilomita 30 hadi 50 kwa saa, na kwa umbali ambao mara nyingi hauvuki kilomita 80. Kikomo hicho ni cha gia boksi nzima yenye haidroliki ya kutosha. Hapa umbali ulikuwa ukingoni, mwendo ulivuka, na haidroliki, kwa mujibu wa mmiliki mwenyewe, haikuwa imekaguliwa kwa muda mrefu. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye droo ya dashibodi, kwa Kijapani, na hakuna aliyeweza kukisoma. Hili nalitaja kwa sababu ni hali ya maelfu ya magari yetu yaliyotumika Japani, na kwa sababu swali la "magurudumu gani yanapokea nguvu?" halihitaji kitabu. Kuinama na kutazama kama kuna propela, na kama magurudumu ya mbele yana shafti, kunatosha.

Breki, kamba na mchanga

Tani 3.3 zinaposhuka mita 100 za kimo, nishati inayopaswa kupotezwa ni karibu megajuli 3.2, kiasi ambacho kingechemsha lita 10 za maji zilizotoka kwenye mtungi. Hiyo ni kwa kila mita 100, na Kitonga si mita 100. Nishati hiyo inagawanywa kati ya injini, ambayo gia ndogo huifanya ijizuie yenyewe, na breki. Kila kinachoachwa na injini huingia kwenye diski na ngoma kama joto. Pedali iliyoshuka kidogo kwenye foleni ilikuwa dalili kwamba mafuta ya breki yalikaribia kuchemka. Gia ya pili iliwaokoa. Ningeshauri gia ya kwanza.

Mwendo wa siku ya kwanza nao uliongeza hatari zaidi ya walivyodhani, kwa maana nishati ya kusimamisha gari lililo kwenye kilomita 60 kwa saa ni mara 2.25 ya ile ya kilomita 40.

Kuhusu kamba na chuma, naona watu hubishana juu ya nguvu wakati tofauti kubwa ni mwelekeo. Kamba huvuta tu. Haiwezi kuzuia gari la nyuma lisije mbele, hivyo breki ya gari la nyuma huwa mikononi mwa mtu aliye ndani yake, na mtu huyo hapa alikuwa kijana asiye na busta. Chuma huvuta na kuzuia, kwa hiyo kwenye mteremko breki za pikapu huyashika magari yote mawili. Ndiyo maana kamba inaweza kutosha kulitoa gari barabarani hadi gereji iliyo jirani, na haifai kabisa kwa safari ya mkoa hadi mkoa.

Mchanga ulizua mjadala kati yangu na fundi wa Iringa nilipompigia simu. Hoja yake ilikuwa nzuri: pikapu tupu ina uzito mdogo nyuma, na pikapu nyingi za aina hiyo zina valvu iliyounganishwa na eksel ya nyuma ambayo hupunguza breki za nyuma pale bodi inapokuwa haina mzigo, ili magurudumu yasijifunge. Valvu hiyo haijui kwamba kuna gari zima limening'inia nyuma. Ukiweka kilo 300 juu ya eksel, unairudishia breki na unayapa magurudumu mshiko, hata gari la nyuma likisukuma kwenye kona pikapu haiyumbi. Hoja yangu ilikuwa kwamba kilo hizo 300 nazo zinashuka mlima. Baada ya kupiga hesabu nimekubali kwamba alikuwa sahihi kwa Kitonga, kwani nyongeza ni sehemu ya kumi ya uzito wote, ilhali faida ya mshiko ni kubwa kuliko hiyo. Kwa milima ya Iyovi, ambako pikapu ilipandisha joto, mchanga ungeshushwa.

Kijana alipaswa kuambiwa mambo matatu kabla ya kuondoka Mafinga: pedali itakuwa ngumu, usukani utakuwa mzito, na hendibreki ni breki ya kweli ukiivuta huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia taratibu. Alikuwa na leseni ya mwaka mmoja. Kwa maoni yangu, gari la nyuma linahitaji dereva mzoefu kuliko la mbele, na wao waliwapanga kinyume.

Hazadi pia zinahitaji neno moja. Zikiwaka muda wote, indiketa hazionekani, na anayekufuata hajui unakata kona lini. Bango lililoandikwa kwa mkono liliwasaidia zaidi: dereva wa pikapu alisema siku ya pili malori yaliacha nafasi.

Kama gari lingekuwa la aina nyingine

Fundi aliweza kuchomoa propela kwa kuwa gari lilikuwa la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Magari madogo mengi mjini leo huvutwa na magurudumu ya mbele, na kwa hayo njia sahihi ni kuyainua magurudumu ya mbele kwenye kitoroli au kulipandisha gari zima jukwaani. Wapo mafundi wanaochomoa shafti za mbele na kuliburuta gari hivyo. Kwenye magari mengi nati ya shafti ndiyo inayobana beringi ya gurudumu. Shafti ikitoka yote, beringi hulegea na gurudumu linaweza kutoka njiani. Kama ni lazima kabisa, kichwa cha nje cha shafti hurudishwa kwenye habu na kukazwa, bila shafti yenyewe.

Gari ambalo magurudumu yote manne hupokea nguvu wakati wote lisivutwe kwa kuinua magurudumu mawili, kwa sababu mawili yaliyo chini yatazunguka huku ya juu yakisimama, na kifaa kinachogawa nguvu katikati kitaungua. Libebwe. Gari la haibridi nalo libebwe, kwani kwa aina nyingi mota ya umeme imeungana na magurudumu moja kwa moja na huzalisha umeme kila yanapozunguka.

Gia ya P

Tukio la uwanjani kwetu lilidumu sekunde chache na ndilo lililonikosesha usingizi. P hufunga shafti inayotoka kwenye gia boksi. Gari husimama kwa sababu shafti hiyo imeungana na magurudumu kwa propela. Propela ikiondolewa, P haishiki kitu. Fundi wa Iringa alilijua hilo na alilisema, lakini alimwambia dereva wa pikapu, na kijana, ambaye ndiye aliyekuwa akiweka gia, hakusikia. Safari nzima hakukuwa na nafasi ya kulifahamu, kwa kuwa kila waliposimama gari lilikuwa limeshikwa na chuma.

Sasa kwetu, gari lolote likitolewa propela au shafti, karatasi hufungwa kwa waya kwenye mkono wa gia kabla ya fundi kutoka chini yake: P HAISHIKI, WEKA JIWE. Karatasi haiondolewi mpaka bolti nne zirudi na kukazwa.